Ami ataka nimwoze mdogo wangu ili "apone"

Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima na taadhima. Mimi ni mkazi wa Mombasa, nina umri wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, na riziki yangu naipata katika duka la vipuri vya magari. Wazazi wetu wote wawili wametangulia mbele ya haki, na tangu mama alipofariki, mdogo wangu wa kike, ambaye sasa ana miaka 23, amekuwa akiishi kwangu.

Tangu utotoni alikuwa na mambo yake. Hakupenda kushikwa, kwa hivyo siku za Idi alikwepa mikono ya jamaa waliotaka kumkumbatia, na kila mara mama ndiye aliyebaki akiomba radhi. Hali chakula kwenye sinia pamoja na wengine, na mchuzi ukigusa wali wake, chakula chote hicho hakimpiti tena kooni. Blenda ikiwashwa jikoni bila yeye kuambiwa mapema, huziba masikio akakimbilia chumbani na kukaa humo muda mrefu. Lakini meli zinazoingia bandari ya Kilindini anazijua kama watu wengine wanavyojua jamaa zao: jina, bendera, ilikotoka, na mara ya mwisho ilipita lini. Alasiri huenda Mama Ngina na daftari lake, akaziandika zinapoingia kwenye mlango wa bahari pale Likoni. Sisi nyumbani tulimzoea. Mtaani walisema ana kiburi, wengine wakasema ana jini, na mama alikuwa akiwajibu kwamba kila mja na alivyoumbwa.

Mwaka jana akiwa chuoni alizidiwa na uchovu hata akawa haondoki kitandani. Alionwa na daktari wa magonjwa ya akili, na baada ya mahojiano marefu ambayo nami niliitwa kueleza habari za utoto wake, tukaambiwa kwamba ana usonji, yaani autism. Kusema kweli, Shangazi, taarifa ile ilinipa ahueni, kwa sababu mambo mengi ya nyuma yalipata maelezo. Niliisoma mara kadhaa na nikamweleza mke wangu kila ukurasa.

Miezi michache baadaye, tukiwa tumekaa sebuleni, alituambia mimi na mke wangu, kwa sauti ile ile anayotumia kutusimulia habari za meli, kwamba anavutiwa na wanawake, kwamba hajapata kuvutiwa na mwanamume, na kwamba hataolewa. Nilitaka kuamini kuwa ni mzaha, ila yeye si mtu wa mizaha. Haikupita muda, jamaa mmoja wa mke wangu akaja na habari za posa, akamuuliza kwa kumtania sababu ya kukataa waume, naye akajibu vile vile alivyotujibu sisi. Sasa habari hiyo imemfikia ami yetu.

Ami anasema kwamba yote haya, ya usonji na ya wanawake, ni kazi ya jini mmoja, na kwamba upande wa Kwale kuna mganga anayemjua ambaye atampunga. Akishapungwa, aozwe mara moja kwa mtoto wake ami, ambaye yuko tayari kumchukua. Ananikumbusha kwamba mimi ndiye walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, na kwamba nikikataa, aibu ya ukoo mzima itakuwa shingoni mwangu. Ameitisha kikao cha jamaa.

Mimi habari ya jini siiamini. Ninavyofikiri ni kwamba usonji ndio uliomchanganya: hakupata marafiki, hakuzoea wanaume, na hajui vizuri hisia zake. Nikimpatia tiba ya usonji, huenda hili la pili likaondoka lenyewe. Je, iko tiba hiyo? Au nimtake aniahidi kwamba hatalitaja jambo hili tena? Mke wangu anachelea kwamba watoto wetu wataiga. Nami ni Muislamu, siwezi kujifanya kwamba jambo hili kwangu ni dogo. Ila ni mtoto mwema, si mwongo, na hesabu za duka langu ni yeye anayeziweka wala hazijapata kuwa na kasoro. Nifanyeje?

Kaka Mtu, Mombasa

Jibu la Shangazi

Mwanangu,

Umeniuliza mengi, lakini yako mambo mawili yasiyoweza kusubiri: mdogo wako asipelekwe kwa mganga huyo, na asiozwe. Mengine tutayazungumza kwa utulivu. Hayo mawili yakishatendeka, hakuna ushauri utakaoyarudisha nyuma.

Ami yako amekukumbusha kwamba wewe ni walii, lakini amekukatia maneno katikati. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, uwalii wa ndoa huanza kwa baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka. Ami huja nyuma ya kaka, na hata nyuma ya watoto wa kaka. Maadamu wewe uko hai, una akili timamu na unapatikana, katika ndoa hii ami ni mshauri tu. Tena ile ruhusa ya kumwoza binti bila kumtaka idhini, ambayo wanavyuoni wa madhehebu hayo walimpa baba na babu na kuiwekea masharti, haikuteremshwa hadi kwa kaka. Wewe huwezi kumwoza pasipo ridhaa yake, na umekwisha kuambiwa waziwazi, mbele ya shahidi ambaye ni mkeo, kwamba ridhaa hiyo haipo. Mimi si mwanachuoni, kwa hivyo nenda kwa kadhi ukaulize. Lakini uliza swali hilo hilo, usiulize kwa jumla juu ya mabinti wanaokataa waume.

Hapo pana hatari ambayo huenda hujaiona. Kwa desturi, kimya cha bikira huhesabiwa kuwa ndiyo. Mdogo wako ni miongoni mwa watu ambao wakizidiwa na kelele, macho ya watu na maswali ya papo kwa papo, sauti huwakauka kabisa, na hali hiyo ni ya kawaida kwa wenye usonji. Mweke mbele ya wazee kumi kwenye kikao, mmoja amuulize kama amekubali, naye atanyamaza, na watu watasoma Fatiha. Kwa hivyo asiitwe kwenye kikao hicho. Neno lake alilolisema sebuleni, akiwa ametulia, ndilo la kushikwa.

Kwa upande wa serikali, ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Nimewasikia wengi wakiinukuu ibara hiyo kwa ajili ya maneno "jinsia tofauti" na kuyaruka ya hiari, ilhali yamo katika sentensi moja. Aidha, sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani imeitaja ndoa ya kulazimishwa kuwa ni ukatili. Na hebu tuliseme lile ambalo vikao vya ukoo huliacha nje ya mlango: mtu ambaye hapendi kushikwa mkono siku ya Idi, na ambaye amesema hamtaki mwanamume, mnataka mumfungie chumbani na mwanamume. Mahari na nyimbo havibadilishi kinachotokea humo ndani.

Kuhusu mganga, sina ugomvi na dua. Akitaka mwenyewe kusomewa Kurani kwa sauti ya chini na mtu anayemwamini, asomewe, na akitaka kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, anywe. Lakini kupunga pepo ninakokujua mimi ni ngoma hadi usiku wa manane, ni moshi wa ubani kwenye chumba kisicho na hewa, ni umati unaoimba na mikono inayomshika mgonjwa na kumtikisa mpaka jini ataje jina lake. Mtu ambaye blenda ya jikoni humkimbiza, masikio na ngozi yake hupokea vitu hivyo kwa ukali ambao mimi na wewe hatuufahamu. Atapiga mayowe, au ataanguka, au atataja jina lolote atakalotakiwa kulitaja ili mateso yakome, na mganga atatangaza kwamba amefaulu. Kisha mtarudi nyumbani na msichana ambaye hatawaamini tena maisha yake yote.

Sasa nije kwenye dhana yako mwenyewe. Ni ya kistaarabu kuliko ya ami yako, lakini niruhusu niseme kwamba imejengwa juu ya msingi ule ule. Ami ana jini mmoja anayeeleza kila kitu. Wewe una usonji unaoeleza kila kitu. Nyote wawili mnatafuta kitu cha kutoa ndani ya huyu binti ili abaki yule mnayemtaka.

Usonji hauna tiba ya kuuondoa, wala si maradhi yanayoingia na kutoka. Ni namna ubongo unavyojengeka na kukua, na huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Si malezi ya mama yenu yaliyouleta, ingawa miaka ya nyuma wapo wataalamu wa Ulaya na Marekani waliowalaumu akina mama hadharani kwa ubaridi wao, na dhana hiyo ilishakataliwa zamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, kwa hivyo katika mtaa wenu hayuko peke yake, hata kama yeye tu ndiye mwenye taarifa ya daktari. Wala usistaajabu kwamba amefika miaka 23 bila kutambuliwa. Daktari Leo Kanner alipoandika habari za watoto 11 nchini Marekani mwaka 1943, 8 kati yao walikuwa wavulana, na tangu hapo picha ya usonji ikabaki kuwa picha ya mvulana. Wasichana wengi hujifunza kuwaiga wenzao, wakakariri namna ya kucheka na wakati wa kumtazama mtu machoni, mpaka siku nguvu zinapowaishia. Nadhani uchovu ule wa chuoni ulikuwa na uhusiano mkubwa na jambo hilo, na daktari wake ataweza kukueleza zaidi.

Je, usonji na kuwapenda wanawake vinahusiana? Kwa takwimu, hukutana mara nyingi kuliko tunavyotarajia.  Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wenye usonji hujitaja zaidi kuliko wengine kuwa wanapenda jinsia yao, au jinsia zote mbili, au hawavutiwi na yeyote. Kukutana huko hakumaanishi kwamba kimoja kimekizaa kingine. Wapo watu wengi wenye usonji waliooa na kuolewa kwa mapenzi yao, na wapo tele wanaopenda jinsia yao ambao sherehe yenye ngoma tatu haiwasumbui hata kidogo. Moja ya maelezo yanayotolewa, nami naliona lina mantiki, ni kwamba asiyeyasoma haraka matarajio ya jamii huwa pia mzito wa kujidanganya kwa ajili ya matarajio hayo. Wengine wanaohisi kama yeye huolewa kwa sababu walihisi kwamba hawatakiwi hata kujiuliza. Yeye alijiuliza, akapata jibu, akakwambia.

Umeandika kwamba hajui vizuri hisia zake. Umejuaje? Yako maneno yanayomhusu ambayo umeyakubali bila shaka: kwamba blenda inamuumiza, kwamba wali uliogusa mchuzi haumpiti kooni, kwamba hesabu za mwezi ziko sawa. Unamwamini kwa fedha zako zote, humwamini kwa moyo wake. Na hapa nikuchokoze kidogo: mwisho wa barua yako umemtetea kwa kuwa hana kasoro katika hesabu. Je, angekuwa hajui kujumlisha, ungempeleka Kwale? Ukimhesabia thamani kwa faida ya duka, mwezi atakaochoka asiweze kufanya kazi, na utakuja, utetezi wako utakuwa umekwisha.

Tamaa hii ya kunyoosha mambo haya mawili kwa pamoja si ngeni, na historia yake ndiyo inayonifanya nikusihi uwe mwangalifu na kila atakayekuuzia tiba. Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwapo mwanasaikolojia aliyeitwa Ivar Lovaas, ambaye katika miaka ya 1960 alipata umaarufu kwa kuwafundisha watoto wenye usonji waonekane kama wengine. Walipofanya vizuri waliongezewa chakula na sifa. Walipokosea, baadhi yao walipigwa makofi na hata kuchomwa kwa shoti za umeme. Mwaka 1974 yeye na mwenzake, George Rekers, wakachapisha habari za mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitano na aliyependa michezo ya kike. Walimnyoosha kwa njia hiyo hiyo ya kumtunuku na kumwadhibu, na nyumbani mzazi wake aliyefundishwa kazi hiyo akaiendeleza. Watafiti hao walitangaza kwamba wamefaulu. Miaka mingi baadaye jamaa zake walisimulia kwamba mtoto yule alikua akiwa mtu wa huzuni, na akajiua akiwa mtu mzima. Mkono uliokuwa ukimfunza mwenye usonji asitikise vidole ulikuwa ndio huo huo uliomfunza mvulana asitembee vile.

Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yao ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Kwa hiyo mshauri nasaha yeyote utakayemwendea, muulize kabla ya kumlipa kama anakusudia kumbadilisha au kumsaidia. Akisema atambadilisha, ondoka, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Swali lako la ahadi ndilo gumu zaidi, kwa sababu ndani yake mna woga ambao ni wa haki. Mnaishi mahali ambapo jambo hili linaweza kumletea mtu madhara. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa tarehe 24 Mei 2019. Vinaadhibu matendo, kuhisi na kusema kwamba unahisi si kosa, lakini umati haubebi kitabu cha sheria. Mwezi Februari 2010 pale Mtwapa, uvumi tu kwamba kuna harusi ya wanaume wawili ulitosha kuwakusanya watu wakavamia kituo cha afya na nyumba za watu. Mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba chama cha watetezi wa wapenzi wa jinsia moja hakipaswi kunyimwa usajili, watu waliandamana mjini mwenu. Hayo anastahili kuyajua, na anastahili kuelezwa kwa lugha iliyonyooka.

Nasema iliyonyooka kwa sababu sisi watu wa pwani tuna tabia ya kufumba. Tunamwambia mtu "jisitiri" au "ya nyumbani yaishie nyumbani" na tunadhani tumesema. Kwa mdogo wako hujasema kitu. Jamaa wa mkeo alimuuliza swali, naye akalijibu, na kwa kanuni alizofundishwa, za kwamba uongo ni haramu na mkubwa akiuliza hujibiwa, alifanya sawasawa. Kaa naye wakati ametulia, ikiwezekana huko huko anakoandika meli zake, umweleze: mtu akikuuliza kwa nini huolewi, unaruhusiwa kusema "hilo ni jambo langu" na kuishia hapo, na huo si uongo. Mwandikie kama anapenda maandishi. Taja kwa majina watu wanaojua, na umuulize ni nani wengine angependa wajue. Mweleze kwamba sababu ni watu wanaoweza kumdhuru, na wala si kwamba ana najisi ya kufichwa. Ukiliacha hilo la mwisho bila kulisema, atalielewa kinyume, kwa kuwa kila mtu mwingine anamwambia kinyume.

Lakini ahadi ya kutolitaja tena, hata kwako, usiitake. Ukimtaka aahidi, atajaribu kuitimiza kama ulivyoitamka, herufi kwa herufi, na hutasikia tena lolote la moyoni mwake, la hilo wala la jingine. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2018 juu ya watu wazima wenye usonji uliona kwamba kadiri mtu anavyojilazimisha kuficha alivyo ndivyo mawazo ya kutaka kujiua yanavyozidi. Tayari unaye mtu aliyewahi kushindwa kuondoka kitandani. Nyumbani kwako pabaki kuwa mahali ambapo hahitaji kuigiza.

Umeniambia wewe ni Muislamu na jambo hili kwako si dogo. Sikuombi ulifanye dogo. Unaweza kubaki na imani yako juu ya yaliyo halali na yaliyo haramu na bado ukajua kwamba kuvutiwa moyoni si kitendo, kwamba hukupewa kazi ya kuipeleleza nafsi ya mtu mzima, na kwamba kuukata udugu ni dhambi ambayo hatuisikii ikihubiriwa kwa nguvu kama hizo nyingine. Yeye pia ni Muislamu, nawe hukumuuliza anasali vipi na jambo hili. Muulize siku moja, si kwa kumtega. Yawezekana amelifikiria kwa muda mrefu na kwa uzito kuliko ami yenu.

Mkeo anachelea kwamba watoto wataiga. Kama wataiga kitu, basi ni kuandika meli, na sioni ubaya wa mtoto wa Mombasa kujua bendera za dunia. Nani atakayewavutia watakapokuwa wakubwa halitokani na kula nyumba moja na shangazi yao. Hata hivyo usimpuuze mkeo. Yeye ndiye anayeshinda na wifi yake nyumbani, yeye ndiye anayeulizwa maswali na majirani, na jamaa aliyeitoa habari nje ni wa upande wake, kwa hivyo huenda anajiona mkosaji. Msikilize. Kisha mkubaliane juu ya mambo madogo yanayotuliza nyumba: sahani yake ya peke yake bila maneno, kuambiwa kabla blenda haijawashwa, na wageni kusalimiwa kwa mdomo bila kushikana mikono. Sherehe ikiwa na kelele, aje mwanzoni akae kidogo kisha aondoke, na asiandamwe kwa hilo. Mambo hayo yalikuwa ya lazima hata kabla ya taarifa ya daktari, na mama yenu, kwa maneno yako mwenyewe, alimkubali alivyo bila taarifa yoyote.

Kabla ya kikao, mwendee ami nyumbani kwake ukiwa peke yako, kwa adabu zote za mtoto kwa mzee, kwa sababu mtu aliyekwisha kukataliwa faraghani hapendi kukataliwa tena mbele ya watu, na huenda akakiahirisha mwenyewe. Usijadili usonji wala wanawake. Mjadala huo hutaushinda, na kila utakalolitaja litatembea mjini. Mwambie hivi: "Ami, wewe ni baba yangu aliyebaki, na nakushukuru kwa kutujali. Mdogo wangu nimemuuliza, amesema haolewi, nami kama walii sitamwoza kwa nguvu. Matibabu yake yako kwa daktari. Naomba jina lake lisitajwe kwenye kikao." Akikasirika, mwache akasirike. Akirudia kutaja jini, rudia maneno hayo hayo bila kuongeza. Ikiwa utasikia kwamba wamepanga kumchukua bila wewe kuwapo, mpeleke kwa mtu unayemwamini nje ya mji kwa muda, na uandikishe tishio hilo polisi, ukitaja ndoa ya kulazimishwa tu. Sababu ya kukataa kwake hawahitaji kuijua, na ni kwa usalama wake wasiijue.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Taarifa ile ya daktari umeisoma mara kadhaa na umemweleza mkeo kila ukurasa, lakini hukuniambia kama ulimtaka ruhusa. Mrudishie, ni yake. Akitaka anaweza kuitumia chuoni kuomba chumba tulivu cha mtihani na muda wa ziada, au kuanza safari ya kujisajili katika baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, ambayo hupitia hospitali iliyoidhinishwa kufanya tathmini. Wapo wenye usonji wanaoiona kadi ya baraza kuwa ni msaada mkubwa, na wapo wasiotaka kuitwa walemavu hata kidogo. Mweleze njia zote mbili, umpe muda wa kufikiri kwa namna yake, na usimjibie.

Shangazi